Siku Moja kwa Mwaka Bila Kutafsiri

Kila asubuhi, kabla hujafunga tai, tia mfukoni pipi mbili za tangawizi. Moja ni ya koo lako. Ya pili ni ya shahidi, yule ambaye mate yamemkauka kwa woga na anaweza kukukoholea mpaka saa sita. Mpe kule nje kwenye benchi, mwulize mvua huko kwao imenyesha lini, na habari ya kesi usiiguse kabisa. Nawaambieni hili mwanzo, wanangu mnaoanza kazi ya ukalimani mahakamani, kwa sababu najijua: nikishika kusimulia napotea njiani, na nisingependa mkose angalau pipi.

Nasikia siku hizi mnasomea kazi hii darasani na kupewa cheti chenye muhuri. Hongereni. Mimi nilisomea mtoni. Nilizaliwa kijiji cha Hewani, kwa Wapokomo, baba yangu akilima ndizi na mahindi kando ya Tana. Kiangazi kikikaza, Waorma walishusha ng'ombe wao kuja kunywa, na watoto wao waliogelea na sisi kutwa nzima. Ukiogelea na mtu kutwa nzima ni lazima ujue anakutukana vipi. Basi Kiorma nikakipata hivyo, kwa kutukanwa. Kisomali nilikipata dukani Garsen, nilikouza sukari kwa tajiri mmoja aliyekataa kujifunza Kiswahili kwa sababu, alisema, si Jilo yupo? Kigiriama nilikiokota sokoni. Karani wa mahakama aliponiuliza najua lugha ngapi nilimwonyesha mkono mzima, vidole vyote vitano, na wiki hiyohiyo nikapewa kiti. Kiti chenyewe sikukikalia, maana mkalimani husimama.

Sheria ya kwanza ya kazi mnaijua: sema "mimi". Mshtakiwa akisema niliiba, wewe usiseme "anasema aliiba". Sema "niliiba", kwa sauti ileile, bila kuona haya. Hili nilifundishwa na mkalimani mkongwe aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele, aliyeniambia, "Ukiingia mle ndani, Jilo, wewe huna jina." Nilimwamini mno. Mwezi wangu wa kwanza jirani yetu mmoja wa Hewani alikuja kusikiliza kesi ya binamu yake, akaketi nyuma kabisa, akanisikia nikitamka waziwazi, "Mimi niliwachukua wale mbuzi watatu, nikawala wawili." Akatoka pale mbio. Alipofika Hewani alimpa mama yangu pole, na mama alilia siku mbili kabla sijaenda kumweleza. Hata baada ya kuelezwa aliniuliza polepole, "Na yule mbuzi wa tatu yuko wapi?"

Mkiona nacheka, msidhani kazi ilikuwa ya kucheka. Mahakama ilikuwa ikihamahama: wiki hii iko Garsen, wiki ijayo kwingine, na mimi nyuma yake. Kutwa nzima nilikuwa mwizi, nikawa aliyeibiwa, nikawa mjane anayenyang'anywa shamba, na baada ya chai nikawa shemeji anayemnyang'anya. Nilitukana watu ambao sina ugomvi nao. Nilitubu makosa ambayo sikuyafanya. Jioni nilifika nyumbani nimechoka mpaka ulimi, na mke wangu akiniuliza habari za kutwa, nilikuwa sina.

Niliposhtuka ni siku walipokuja kumposa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Wageni walikuwa Wagiriama, watu wazuri, wamekaa upande huu wa mkeka, sisi upande ule, chai na mahamri katikati. Nilikuwa nimetoka kwenye kesi moja ya wiki nzima na usingizi ulikuwa umenishika kope. Shangazi ya kijana akainama, akamnong'oneza mwenzake kwa Kigiriama. Masikio yangu yakadaka. Kabla akili haijafika, nikasimama wima, mikono nyuma, nikatangaza kwa Kiswahili safi: "Mimi naona nyumba yenyewe ni ndogo, na huyu binti miguu yake ni myembamba kama ya korongo."

Dada yangu alinirushia hamri, likanipata shavuni, moto bado. Posa iliokolewa na shangazi mwenyewe, aliyeanza kucheka mpaka akashikwa mabega, akakiri kuwa maneno ni yake. Harusi ikafanyika. Lakini njiani tukirudi Garsen mke wangu, Rehema, hakucheka. Alinigeukia akasema, "Jilo, wewe unahitaji kupumzika."

Sasa niwaeleze Rehema, maana bila yeye hadithi hii ni pipi tu.

Rehema ni mtu wa Idsowe, ng'ambo tu ya Garsen. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa na meza sokoni: ndizi, unga, na tumbaku na magadi kwa wachungaji waliokuja siku ya soko. Nilisimama mbele ya meza ile kama dakika kumi. Akanitazama, akamgeukia jirani yake wa meza: "Huyu si ndiye yule wa lugha tano? Mbona bubu?" Hakuna sentensi iliyonijia kwa lugha yoyote. Nilinunua magadi, kitu ambacho sikijui matumizi yake mpaka leo, nikaenda zangu.

Kwa desturi yetu mchumba hajisemei. Mjomba wangu ndiye aliyekwenda Idsowe kuwa mshenga, akaseme kwamba nampenda binti yao, na wakati anazungumza ndani mimi nilikuwa nje nimeshika baiskeli yake isianguke. Rehema alijibu kupitia kwa shangazi yake kwamba amesikia. Basi ndoa yetu ilifungwa na wakalimani wawili, na sisi wenyewe hatukutamka kitu. Wakati ule sikuliona hilo kuwa tatizo. Ndivyo watu walivyooana, na tukazaa, tukalea, tukajenga.

Wiki chache baada ya posa ile ya mpwa wangu, Rehema akasikia kwenye redio watu wakitumiana salamu za kuadhimisha miaka ya ndoa. Nikamwuliza kama anataka na sisi tutume salamu. "Salamu za nini? Tuondoke," akasema. "Siku moja kwa mwaka, mimi na wewe, barabarani, mbali na hiyo mahakama yako." Garsen nzima ilishangaa. Watu walituuliza, "Mnaoana tena?" Shemeji yangu Buya, kaka yake Rehema aliyekuwa akibeba maembe kwa pikapu, alikubali kutuazima gari hilo kila Agosti kwa sharti kwamba tusilicheke. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Honi ilikuwa ya kupiga kelele mwenyewe kupitia dirishani.

Safari ya kwanza tulilenga kwenda mbali. Tukafika Minjila. Wanaopajua wameshacheka, maana kutoka Garsen hadi Minjila hata kuku anaweza kutembea akarudi kulala kwao. Niliingia dukani kununua maji. Mle ndani mwenye duka, Msomali, alikuwa akibishana na dereva wa lori asiyeelewa neno lake, kuhusu magunia yaliyolowa. Nikasema nimsaidie sentensi moja. Nilitoka baada ya saa tatu, koo limekauka, na wote wawili wamenikasirikia. Rehema alikuwa amekula wali wa nazi wote na samaki wote, na mifupa ameipanga vizuri kwenye sahani ili niione.

Safari ya pili tulifika mbali zaidi, kwenye mji ambao sitautaja, kwa kuwa una mahakama. Tumeketi hotelini, nyama imeletwa, karani wa mahakama ya pale, ninayemfahamu, akanigusa bega. "Jilo! Mungu amekuleta. Dakika tano tu." Wanangu, mkitaka kujua urefu wa dakika tano, waulizeni wanawake wanaosubiri. Nilipotoka, jua limeinama, Rehema alikuwa nje kwenye benchi kati ya jamaa za washtakiwa, ameshawajua wote kwa majina. Aliniambia amealikwa harusi mbili.

Kisha ikaja mvua ya Elinino. Mto ulitoka kitandani mwake ukatutembelea majumbani. Watu walipita kwa mitumbwi pale walipokuwa wakipita kwa miguu. Maji yalipokauka mipaka ya mashamba ilikuwa imekwenda nayo, migomba ya huyu imelala kwa yule, ng'ombe wa kaskazini wako kusini, na kila mtu alikuja mahakamani. Mwaka ule nilisema "mimi" mara nyingi kuliko maisha yangu yote. Sauti ilinipotea nikawa naongea kama mlango mbovu.

Agosti ilipokaribia Rehema alifunga kanga yake kiunoni, akanikalisha.

"Jilo, miaka kumi na miwili nimeishi na sauti za watu. Wezi wa mbuzi nawajua. Wajane nawajua. Wewe sikujui. Mwaka huu twaenda Kipini, pwani kwa shangazi yangu. Ukitafsiri neno moja tu njiani, hata jina la kijiji, wakati wa kurudi utanishusha Idsowe kwa mama. Na sitatoka pale mpaka uje mwenyewe uniambie kwa mdomo wako kwa nini nirudi. Mjomba usimlete."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake. Rehema hakuwa anatania. Na kilichonitia hofu hasa si kwamba ningeshindwa kunyamaza. Niliogopa kwamba siku ikifika ya kusimama mlangoni kwa mama mkwe na kusema kwa nini arudi, nitasimama pale bubu kama mbele ya meza ya tumbaku, na mke wangu nimempenda sana, na hajui.

Barabara ya Witu, ya kwenda Kipini, siku hizo haikupitwa ovyo kwa sababu ya majambazi. Magari yalikusanyika Garsen asubuhi, yakaenda kwa msafara na askari. Basi sherehe yetu ya ndoa iliongozwa na polisi: mbele gari la askari, kisha basi, kisha malori mawili, kisha sisi na mlango wetu wa kamba. Rehema alikuwa amevaa leso mpya, anacheka peke yake. "Hata bwana mkubwa hasindikizwi hivi," alisema. Tulipopita Idsowe alinyoosha kidole kwenye paa la nyumba ya mama yake, akakirudisha kidole, akaendelea kula karanga.

Tulikuwa tumekwenda kama saa moja msafara uliposimama. Ng'ombe wamejaa barabarani. Katikati yao mama mmoja wa Kigiriama, mnene, mkononi panga, mkono wa pili ameshika kamba. Mwisho wa kamba hiyo ni ndama, na kamba imezungushwa kwenye mti wa mkoma kando ya njia. Mbele yake mzee wa Kiorma na fimbo yake, mwembamba, kilemba cheupe, anaongea kwa kasi, na ng'ombe mmoja nyuma yake analia mwaa mwaa akimtaka mtoto wake. Kulia kwetu lilikuwa shamba la mahindi, au lililokuwa shamba.

Sajini wa msafara akashuka. "Nini hapa?"

"Ng'ombe za huyu zimekula mahindi yangu yote!" mama akapiga kelele. Jina lake tulilijua baadaye, Mama Kadzo. "Na sitoi huyu ndama hata mje na jeshi! Mwambieni huyu mzee ni mwizi, na ng'ombe zake wezi, na huyu mdogo nimemkamata anafundishwa wizi!"

Mzee alijibu kwa Kiorma. Kiswahili chake kilikuwa kimoja tu, "Hapana! Hapana!", na alikitumia sana. Nyuma kule, vumbi lilionyesha vijana wake wakija na fimbo. Mume wa Mama Kadzo naye alitokea shambani na jembe. Sajini aliliona hilo, na mimi niliona shingo yake ikianza kutoka jasho.

"Nani hapa anajua Kiorma?"

Basi zima likageuka kunitazama. Si uongo, basi zima! Kondakta alinyoosha mkono dirishani: "Si huyo hapo, afande, mkalimani wa kortini!"

Sajini alinijua. Nilikuwa nimeshawahi kuwa yeye, mahakamani, nikitafsiri ushahidi wake. "Jilo, shuka."

Wanangu, kila neno la mzee yule lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, limesimama pale limevaa viatu. Nikameza. "Afande, leo niko likizo."

"Likizo? Hapa?"

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa kamba. Rehema alishuka, akatengeneza leso, akaenda mpaka kwa sajini.

"Afande, huyu leo ni wangu. Nitatafsiri mimi."

Mimi nilibaki ndani ya pikapu nimeshika usukani kwa mikono miwili. Kiorma cha Rehema nilikuwa nakijua. Kilikuwa cha sokoni: namba, nzuri, mbaya, kesho, maziwa, ngapi, punguza. Hakikufika hata kwenye magoti ya kesi ile.

Mama Kadzo akaanza, "Mwambie mzee mwizi mkubwa..." Rehema akamgeukia mzee, akasema kwa Kiorma chake: "Baba, salama? Mama analia. Mahindi hapana. Mbaya."

Nilijiuma midomo. Kazini ningefukuzwa kabla ya chai. Ameacha matusi yote, ameongeza salamu ambayo haikusemwa, na wala hakusema "mimi"! Mzee akajibu kwa hotuba ndefu na nzuri, yenye ukoo wa yule ng'ombe na kiangazi cha mwaka gani, hotuba ambayo ningeitafsiri na watu wakalia. Rehema aliisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa, akamgeukia Mama Kadzo: "Anasema pole."

"Amesema yote hayo ni pole tu?"

"Ni pole kubwa."

Basi zima lilikuwa linacheka. Mimi nilikuwa nalia machozi, kichwa kwenye usukani. Kisha Rehema akafanya alichozoea. Alianza kupatana bei. Akamwuliza mzee: maziwa, ngapi? Mzee akaonyesha kidole kimoja. Rehema akatoa sauti ile ya sokoni ya kudharau bei. Mbaya. Kesho, na kesho, na kesho, mpaka mahindi mengine yaote. Mzee akaonyesha vidole viwili. Rehema akamwuliza Mama Kadzo, vibuyu viwili kila asubuhi hadi mavuno, watoto wanywe? Mama Kadzo akasema vitatu. Rehema akawakaripia wote wawili kwa Kiswahili, Kipokomo na kile Kiorma chake, kwa mpigo, kwamba yeye yuko kwenye sherehe ya ndoa na wanamchelewesha. Vikawa viwili na nusu. Vijana wenye fimbo walifika wakakuta ndama ameshafunguliwa, ananyonya, na mume wa jembe anamwonyesha mzee mahali pa kupitishia ng'ombe siku nyingine. Sajini alipumua mpaka mkanda ukashuka.

Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini. Usuluhishi mzuri kuliko ule sijauona, na ulifanywa na mtu aliyejua maneno yasiyofika thelathini. Nawafundisha sheria zote, lakini na hili mlijue.

Tulipokuwa tukianza kuondoka mzee yule, Mzee Godana, alikuja dirishani kwangu. Alimtazama Rehema aliyekuwa anaingia, akanitazama mimi, akatabasamu, akasema maneno machache kwa Kiorma. Sikujibu, nilikuwa nashika sheria yangu. Rehema, kwa ukarimu wake, akapekua kikapu chake akampa mzee kifurushi cha tumbaku kama zawadi ya kuagana, maana wafanyabiashara ndivyo wanavyoagana na wateja wao. Mzee akatuombea dua, msafara ukasonga.

Hatujafika mbali Rehema akaniuliza, "Amesema nini yule?"

"Leo sitafsiri."

"Jilo."

"Ulisema neno moja tu, hata jina la kijiji."

Alinipiga begani na leso. Alicheka, akanuna, akacheka tena, akaapa kwamba sheria ameifuta. Nikamwambia sheria haifutwi katikati ya kesi. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulikuwa na kitu mdomoni mwangu ambacho mtu anakitaka na mimi ndiye mwenye uamuzi. Tuliachana na msafara, tukashika njia ya Kipini, na bado anauliza. Shangazi yake alitupokea, "Ndooni, wanangu, mpate mai ya kunywa," na Rehema hata salamu hajamaliza akamweleza kuwa mumewe anamficha neno.

Alasiri tulitembea mpaka pale Tana inapoingia baharini. Maji ya mto yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaleyale yaliyopita Hewani na kutuangushia migomba. Rehema alisimama, mikono kiunoni.

"Basi, neno la mzee libaki lake. Sema lako."

Nikasimama wima, mikono nyuma. Mazoea, wanangu. Nikasema, "Mimi..." nikasubiri mtu aseme ili niendelee. Hakuna aliyesema. Mawimbi tu. Na mimi ndiye niliyewasemea wauaji bila kukohoa!

"Mimi," nikasema tena, "sijaambiwa na mtu. Nilinunua magadi kwa sababu nilitaka kukaa karibu na wewe. Nilikupenda siku ile, na nilipokuwa nimeshika baiskeli ya mjomba nilikuwa naomba usikatae. Kila jioni ninaporudi nikisikia sauti yako uani, kifua kinatulia. Sikukuambia kwa sababu nilidhani mjomba alishasema."

Rehema alifunika uso kwa leso. Nikadhani nimekosea. Alipoifunua alikuwa analia na kucheka pamoja, na alisema kitu kimoja tu: "Mjomba wako alizungumzia ng'ombe na mashamba, Jilo. Hilo hakulisema."

Tuliporudi kesho yake tulipita Idsowe bila kusimama.

Tangu hapo kila Agosti tumesafiri. Na kila Agosti, popote tulipo, Rehema huweka kikombe chini na kuuliza: yule mzee alisema nini? Nami hukataa, na kwa kuwa nimekataa, humpa neno langu la mwaka ili kumpoza. Mwaka mmoja nilimwambia napenda anavyofunga kanga akikasirika. Mwaka mwingine nilimwambia kwamba alipolazwa hospitali nilifua nguo zake zote, hata safi, kwa kuwa sikujua mikono niipeleke wapi. Mwaka mmoja nilikosa kabisa nikasema ndizi zake ni tamu. Akasema hilo halihesabiwi, nikatafuta lingine.

Nanyi mtafika huko, mnaposema "mimi" kutwa nzima kwa niaba ya watu. Jiwekeeni siku yenu.

Agosti iliyopita tulikwenda Kipini tena. Siku hizi ni lami tupu, unafika kabla karanga hazijaisha. Tumeketi kwa wana wa shangazi, chai imemiminwa, Rehema akauliza swali lake. Nikajitazama: nimestaafu, meno yamepungua, na siri hii nimeibeba zaidi ya miaka ishirini. Nikaamua kuungama.

"Rehema, yule mzee hakusema kitu cha maana. Aliuliza kama tuna tumbaku."

Nikangoja anirushie kikombe.

"Najua," akasema, akakoroga sukari.

"Unajua?"

"Nimeuza tumbaku Garsen ujana wangu wote. Unadhani Waorma nilikuwa nawauzia kwa ishara? Na kile kifurushi alipewa na nani?"

Mimi, mtu wa lugha tano, niliyekuwepo pale, niliyeona mkono ukiingia kikapuni! "Sasa mbona umeniuliza miaka yote hii?"

"Kwa sababu kila nikiuliza hukataa, na kila ukikataa hunipa neno lako." Akaweka kikombe chini. "Na la mwaka huu sijalipata."

Nikasimama wima, mikono nyuma.

"Kaa chini," akasema. "Hapa si mahakamani."

Nikakaa, nikamwambia. Nililomwambia hamtalisikia kwangu, wanangu. Nimestaafu kutafsiri.